Karamu ya Somo: Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu katika Mitaa ya Mchikichini na Kariakoo

Neno somo lina maana kadha wa kadha katika lugha ya Kiswahili. Kwa watu wa pwani somo ni mtu mwenye jina moja na mwenziwe. Aidha ni yule mwanamke mtu mzima amfundaye mwari mambo ya unyumba. Na tena huitwa hivyo rafiki wa kuaminiwa, mtu wa kuambiana siri. Wakatoliki walipohitaji neno la kumwitia mtakatifu ambaye Mkristo hupewa jina lake siku ya ubatizo, hawakulitohoa kutoka Kilatini, bali walilitwaa hilo hilo lililokuwa tayari midomoni mwa watu. Kwa hiyo mtoto aitwaye Yosefu ana somo wake mbinguni. Kanisa lina somo wake, parokia ina somo wake, na tangu miaka ya sabini, zilipoanza kupangwa jumuiya ndogondogo za Kikristo katika Afrika ya Mashariki, hata nyumba chache za mtaa mmoja zilizojiunga kusali pamoja zina somo wao. Siku ya mtakatifu huyo huitwa sikukuu ya somo, nayo husherehekewa kwa mambo mawili, Misa na chakula. Juu ya Misa vitabu ni vingi. Juu ya chakula hakuna mengi yaliyoandikwa, ingawa sufuria nayo huhifadhi tarikhi ya mji.

Kanisa kuu la Dar es Salaam, lile lenye mnara mrefu utazamao bandari, liko chini ya ulinzi wa Mt. Yosefu. Lilijengwa na Wabenedikto wa Kijerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, na baada ya Wajerumani kuondolewa likawa mikononi mwa Wakapuchini wa Uswisi, waliofika mwaka 1921. Sikukuu ya somo wake ni tarehe 19 Machi. Aliyeketi Kariakoo au Mchikichini huliendea kwa mguu kwa muda usiozidi saa moja, na akitoka Misani, akifuata ukingo wa maji kuelekea mashariki, si mbali atafika mahali samaki wanapopakuliwa kutoka majahazini na ngalawani, pale Feri. Ukaribu huo wa kanisa na samaki si jambo la kupuuzwa, kama itakavyoonekana.

Tarehe 19 Machi ina tabia moja isiyobadilika: daima huangukia ndani ya Kwaresima au pembeni kabisa mwa Pasaka. Pasaka haitangulii 22 Machi, wala Kwaresima haianzi baada ya 10 Machi. Mt. Yosefu, basi, amewekewa karamu katikati ya mfungo. Ikiwa siku hiyo ni Jumapili ya Kwaresima, sikukuu husogezwa mbele kwa siku moja, kama ilivyokuwa mwaka 2017 na 2023. Ikianguka katika Juma Kuu hutafutiwa siku nyingine, na mwaka 2008 ilirudishwa nyuma hadi 15 Machi. Somo huyu ni mgeni ajaye wakati mwenye nyumba amekwisha kufunika vyungu.

Wakatoliki wa nchi nyingine waliukabili ugumu huu kwa akili ya jikoni. Katika kisiwa cha Sicilia watu hutandika meza ya Mt. Yosefu, wakaipamba kwa mikate ya maumbo mbalimbali, na meza hiyo haina nyama. Mna samaki, mboga, maharage mapana yanayosemwa kwamba yaliwaokoa watu katika njaa ya zamani, na tambi zilizonyunyiziwa chembe za mkate mkavu mfano wa vumbi la mbao, kwa kuwa mwenye sikukuu alikuwa seremala. Maskini hukaribishwa kwanza. Desturi hiyo ilizaliwa wakati ambapo sheria ya Kanisa ilikataza nyama katika Kwaresima nzima. Sheria yenyewe ililegezwa hatua kwa hatua: kanuni za mwaka 1917 zilibakiza kujinyima nyama Jumatano ya Majivu na Ijumaa na Jumamosi za Kwaresima, Papa Paulo VI akapunguza tena mwaka 1966, na kanuni za mwaka 1983 zikasema kwamba Ijumaa ikigongana na sherehe kubwa, kujinyima hakulazimu. Hata hivyo tumbo halisomi kanuni upesi kama padre anavyozisoma. Mahali pengi, Dar es Salaam ikiwamo, wapo wazee ambao kwao nyama ya Kwaresima, hata ya halali, haimezeki vizuri.

Ili kuelewa ni nini kilichopikwa Kariakoo na Mchikichini yapasa kwanza kuitazama nyumba. Kariakoo ilipimwa na Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza iwe mtaa wa Waafrika, mistari imenyooka na vitalu vimegawanyika sawasawa. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaliweka hapo jeshi lao la wapagazi, na jina la Kiingereza la jeshi hilo, likiisha kupita katika ulimi wa wenyeji, likawa Kariakoo. Mchikichini, jirani yake kandokando ya bonde la Msimbazi, jina lake latokana na mti wa mchikichi. Nyumba ya mitaa hiyo ni ile nyumba ya Kiswahili ijulikanayo na kila mtu: ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma ua wenye jiko, choo na mahali pa kuogea. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu mwaka 1956 na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1963, alieleza jinsi vyumba hivyo vilivyopangishwa kimoja kimoja kwa watu wa makabila mbalimbali. Mwenye nyumba aghalabu alikuwa Mwislamu. Mpangaji wa chumba cha tatu aweza kuwa Mluguru aliyebatizwa Matombo, wa chumba cha nne Mngoni wa Peramiho, wa chumba cha tano Mchagga wa Kilema, na wa sita Mzaramo aliyezaliwa hapo hapo. Kila mmoja alikuwa na kufuli lake. Ua ulikuwa wa wote.

Hapo ndipo jambo lote lilipo. Mtu akipika chumbani, chakula ni chake. Akipika uani, kila chungu kina mashahidi sita. Mkatoliki aliyetoka bara alikuja na chakula chake cha sikukuu kichwani: Mchagga alikumbuka mtori na mbege, Mhaya alikumbuka ndizi na rubisi, mtu wa Iringa ulanzi. Wengine walikumbuka nguruwe. Lakini ua wa Kariakoo haukumruhusu mtu kukumbuka kwa sauti. Nguruwe hangeweza kuingia katika jiko ambalo jirani atatia sufuria yake baada ya saa moja. Akaondoka mtaani akaenda kuliwa pembeni, akapata na jina la mafumbo, kitimoto, ambalo hata sasa watu hulitamka nusu kwa kucheka na nusu kwa kuangalia nyuma. Pombe nayo ilitafutiwa vilabu. Kilichobaki kwa karamu ya hadhara kilikuwa chakula kile ambacho hakuna mtu katika vyumba sita angekikataa.

Wagoa waliweza kufanya vingine, na mfano wao unastahili kutajwa kwa sababu unaonyesha hali ingekuwaje bila ua. Walikuja kwa njia ya Unguja, makarani, washonaji, wapishi na waokaji mikate, Wakatoliki wa karne nyingi. Sikukuu yao kuu ni 3 Desemba, ya Mt. Fransisko Ksaveri, ambaye ni miongoni mwa watakatifu wachache mno waliopata kutia nanga kwenye pwani hii: alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akazungumza na Mwislamu mmoja wa hapo mwenye cheo juu ya watu kupungua misikitini, mazungumzo aliyoyasimulia mwenyewe katika barua yake. Meza ya Kigoa ilikuwa na sorpotel, yaani nyama na maini ya nguruwe yaliyokatwa vipande vidogo na kuchachushwa kwa siki. Ilikuwa na bebinca, keki ya mayai na tui iliyookwa tabaka juu ya tabaka. Na mikate laini ya mchele, sanna, ambayo kwa desturi huumuliwa kwa tembo la mnazi. Mpishi wa Kiswahili ajuaye vitumbua na mkate wa kumimina angemtambua ndugu yake katika sanna hiyo mara moja, kwa rangi na kwa harufu. Lakini Wagoa walikuwa na majumba yao na klabu yao. Nguruwe wao alipikwa nyuma ya ukuta. Kwa sababu hiyo karamu yao ilidumu kuwa ya Kigoa, na wengi wao walipohama nchi katika miaka ya sitini na sabini, kwa sehemu kubwa ilihama pamoja nao. Karamu ya uani haikuhama, kwa kuwa haikuwa ya kabila lolote.

Sasa turudi kwa Mt. Yosefu na samaki wake. Katika Uislamu samaki hana haja ya kuchinjwa ili awe halali. Aliyevuliwa na Mkristo, na Mwislamu, na asiye na dini, wote ni sawa. Na katika Kwaresima samaki ndiye kitoweo cha Mkatoliki. Basi sikukuu hii moja, kwa sababu tu ya mahali ilipoangukia katika kalenda, iliepushwa na swali gumu kuliko yote katika mji wenye dini mbili, nalo ni swali la nani ameshika kisu. Changu wa kupaka, kibua wa kukaanga, nguru katika mchuzi wa ukwaju, au mwishoni mwa mwezi, mshahara ukiwa umekwisha, papa na ng'onda. Pembeni wali wa nazi, na mbaazi au kunde zilizoungwa kwa tui zito. Ukilinganisha na meza ya Sicilia utaona kwamba ni meza ile ile: samaki, nafaka, na maharage ya maskini. Hakuna aliyeileta kutoka Sicilia. Mfungo na soko viliifanya pande zote mbili, kila mahali kwa vitu vyake.

Ilikuwa vigumu zaidi kwa yule Yosefu wa pili. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa kumbukumbu ya Mt. Yosefu Mfanyakazi, ili siku ya wafanyakazi wa dunia isiachwe mikononi mwa wasioamini. Katika mji wa bandari, ambao makuli wake walikuwa wamegoma mwaka 1947 hadi mgomo ukasambaa katika koloni, uchaguzi huo haukuwa wa bure. Tarehe 1 Mei haianguki kamwe katika Kwaresima, maana Pasaka haipiti 25 Aprili. Kwa hiyo Yosefu wa Mei ni wa nyama, na nyama yataka mchinjaji.

Desturi iliyofuatwa katika mitaa mchanganyiko ya Dar es Salaam yajulikana na wengi, ingawa haikuandikwa popote kama sheria. Jumuiya ikinunua mbuzi kwa ajili ya somo wao, huitwa jirani Mwislamu kumchinja. Huja asubuhi na kisu chake, hutaja jina la Mungu, hupewa shukrani yake, mara nyingi kipande cha nyama, akaenda zake. Wanawake, ambao tangu kuundwa kwa WAWATA mwaka 1972 huonekana na sare zao za kitenge katika shughuli kama hizo, huanza kusafisha mchele na kumenya vitunguu. Kinachopikwa ni pilau. Yafaa kusema wazi kwamba pilau si chakula cha asili cha Mluguru, wala cha Mngoni, wala cha Mchagga. Ni chakula cha harusi na maulidi ya pwani, chenye bizari nzima, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Kimekuwa chakula cha watakatifu wa Kikatoliki kwa sababu moja kuu: akialikwa mwenye nyumba, na mchinjaji, na mama wa chumba cha sita, wote watakula bila kuuliza neno. Pamoja nayo kachumbari, ndizi mbivu, na tangu zamani za chupa za kioo, soda. Katika Misa yenyewe, baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikano kufungua mlango kwa ngoma na nyimbo za wenyeji, maandamano ya matoleo huwa na mchele, mayai, mkungu wa ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye hupiga kelele padre anapotaka kimya.

Wako waumini wa pande zote mbili walioiona desturi ya mchinjaji kuwa unyonge. Wakristo wengine waliuliza kwa nini kisu cha Mkristo kihesabiwe najisi katika nchi isiyo na dini ya serikali. Wanazuoni wa Kiislamu nao wana maelezo marefu juu ya nyama ya watu wa Kitabu, na hawakubaliani wote. Hoja hizo si za kudharauliwa. Lakini aliyezijadili kwa muda mrefu kuliko wote huenda ni Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya nyama ya sokoni: aliwapa uhuru wa kula, kisha akawataka wautumie uhuru huo kwa kumtazama aliyeketi mezani pamoja nao na dhamiri yake. Wapishi wa Mchikichini, wengi wao bila kufungua barua hiyo, walifanya hivyo hivyo. Walilipa kidogo kwa heshima yao ili wapate wageni wengi zaidi, na wageni, machoni mwa mtu wa pwani, ndio heshima yenyewe.

Kwamba biashara hiyo si ndogo ilionekana ilipoharibika. Aprili 1993 maduka ya nyama ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa katika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mbali sana na pwani, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja ulifikia kuua mchungaji, na serikali ikalazimika kuwaita viongozi wa dini wakae pamoja. Wenye kueleza mambo hayo walitaja siasa, na uchumi, na wahubiri wa viwanja vya wazi. Yote huenda yalikuwamo. Ila laweza kuongezwa moja. Duka la nyama ni mahali pa mtu kununua na kuondoka. Uani kuna mtu wa kuomba radhi. Buchani kisu hakina jina, ilhali uani mchinjaji anajulikana na watoto wake wanajulikana, na jioni watakuja na sahani.

Nyumba ya ukumbi na ua yenyewe inatoweka. Kariakoo imejaa maghorofa. Mahali palipokuwa na vyumba sita pana maduka mengi ya nguo na simu, na waliolala humo wamehamia Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara. Mchikichini soko la mitumba la Karume liliungua Januari 2022, likajengwa tena. Nyumba za zamani zingali zipo baadhi, zimebanwa. Jumuiya hukutana katika sebule, au chini ya turubai lililokodiwa, na nyama hununuliwa ikiwa imekwisha kukatwa. Siku hizi pilau ya nyama hupikwa hata 19 Machi, na wengi wa wapishi vijana hawaulizi kama ni Kwaresima. Ikumbukwe lakini mwaka 2021. Ulikuwa mwaka uliotengwa na Papa Fransisko kwa heshima ya Mt. Yosefu, sikukuu iliangukia Ijumaa, nyama iliruhusiwa na kanuni, na hapakuwa na mwenye hamu ya karamu: Rais John Pombe Joseph Magufuli alikuwa ametangazwa kufariki siku mbili nyuma, na siku hiyo hiyo ya 19 Machi, Ikulu, umbali mfupi kutoka kanisa kuu, Samia Suluhu Hassan aliapa kwa Kurani kuwa Rais.

Yabaki jambo la Ramadhani, ambalo ndilo linalompima mpishi wa sikukuu kuliko mengine. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma, ikazunguka miezi yote kwa miaka kama 33. Katika kila mzunguko iko miaka miwili au mitatu ambapo 19 Machi huwa ndani yake. Ilikuwa hivyo 1959 na 1960. Ikawa hivyo 1991, 1992 na 1993. Na tena 2024, 2025 na 2026, ambapo katika mwaka huo wa mwisho Jumatano ya Majivu na mwezi mwandamo vilifuatana karibu siku moja. Katika miaka kama hiyo pilau la saa saba mchana humla mpishi mwenyewe na watu wa dini yake. Nusu ya walioalikwa hawawezi kuonja, na harufu ikipita ukumbini ni karaha kwa aliyefunga. Wenye busara huisogeza karamu. Misa hubaki asubuhi, na chakula hungoja adhana ya magharibi.

Na kinachoiva wakati huo hakihitaji kutungwa upya. Futari ya pwani ni muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi zilizoungwa kwa tui, mbaazi, kunde, tambi zilizokaangwa kwa sukari, uji mwembamba wenye pilipili manga, na samaki. Toa tende, ongeza msalaba ukutani, na hakuna atakayejua kama jiko ni la mfungo wa siku arobaini au wa mwezi mmoja. Mwuza nazi wa Kariakoo anajua vizuri: wiki hizo bei yake hupanda kwa dini mbili kwa pamoja. Sahani huanza kutoka mlango hadi mlango kwenye giza la kwanza, zimefunikwa kwa kawa, na arudishaye sahani hairudishi tupu. Kwa hesabu ya mwezi, miaka ya namna hiyo itarudi katika nusu ya pili ya miaka ya 2050.